Katambuga za 12,000 zilizonifikisha Mtae

Nianze na buti, maana bila lile buti nisingefika kwenye katambuga, hizi ndala za tairi la gari.

Mwezi wa saba niliamua kwamba mwaka huu natembea kutoka Lushoto hadi Mtae, siku nne, kwa miguu. Si kwamba nimegeuka mtalii ukubwani. Nina miaka 44, nahesabu magunia kwenye ghala la mahindi hapa Korogwe, na milima ya Usambara naiona kila asubuhi nikifungua dirisha. Nimepanda huko mara nyingi kwa misiba na harusi, kwa basi, na kushuka kwa basi. Wifi yangu ndiye aliyenichokoza. "Wifi, wewe milima yote hiyo unaijua kwa kioo cha gari." Nikasema haya, tutaona.

Shida yangu kubwa tangu nikiwa msichana ni mguu. Navaa namba 42. Viatu vya kike madukani vinaishia 40, ukibembeleza sana 41. Kwa hiyo nilipopita Dar kwa shughuli za ofisi niliingia soko moja la mitumba, nikachakura upande wa wanaume, nikapata buti za kupandia milima, za ngozi, soli nene yenye meno kama trekta. Zimepigwa dawa zinang'aa. Kijana alianza na 70,000, tukamalizana 45,000. Alinifungia kwenye rambo akaniambia, "Mama, hii ngozi utazikwa nayo."

Ngozi kweli ilikuwa nzima. Kilichokufa ni soli. Nilizivaa Jumapili moja kwa mazoezi, natoka Manundu kuelekea Ngombezi, kule kwenye mikonge. Sijamaliza saa moja na nusu nasikia mguu wa kulia unaongea: pwaa, pwaa. Nikainua. Soli imefumuka kisigino chote, inaning'inia kama mdomo wa mamba. Kati ya soli na ngozi kulikuwa na kitu kama keki kavu, nikigusa inamwagika unga. Nilirudi nyumbani nimeifunga kwa kamba ya katani niliyopewa na mama mmoja njiani, bure, na pole juu.

Nikaja kuelewa baadaye. Buti nyingi za namna ile zina sponji katikati, poliyurethani, ndiyo inayofanya kiatu kiwe laini. Sponji hiyo huliwa na unyevunyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini hakijavaliwa. Miaka kadhaa ikipita, kiatu kwa nje ni kipya na kwa ndani ni chaki. Na ukifikiria, buti la mtumba limekaa kwenye kabati la mtu Ulaya, likakaa kwenye belo, likakaa bandarini na joto lile, ndipo likafika kwako. Kwa hiyo kama bado unataka buti la mtumba, bonyeza ukucha wa kidole gumba kwenye ule ubavu wa sponji, juu kidogo ya soli. Ikidunda, chukua. Ikiacha alama au ikitoa unga, mrudishie mwenyewe na umtakie biashara njema.

Nimebaki na wiki saba na sina kiatu. Raba za kichina nilizoziona mjini zinabana vidole. Ndipo mlinzi wa ghala letu, aliyekuwa akinisikiliza nalalamika, akaonyesha mguu wake. "Bosi, mimi hizi nina mwaka wa nne."

Katambuga.

Tusidanganyane, nilicheka. Katambuga kwa akili yangu ni za wachunga ng'ombe na wauza maji. Mama yangu aliposikia aliuliza kama nimeajiriwa kuchunga. Lakini mlinzi alinielekeza kwa fundi wake, na nikaenda, na hapo ndipo sifa za kweli zinapoanzia.

Fundi ni mzee, anakaa chini ya mwarobaini kando ya barabara, hana kibao. Ana rundo la matairi, ana kisu kimoja kilicholiwa na jiwe mpaka kimebaki chembamba kama jani la mkonge, nyundo, kopo la maji ya sabuni na tofali la kukalia mteja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za mzee wa nyumbani?"

"Hapana, zangu mwenyewe."

Akanitazama mguu kwa muda. Hakucheka, nampa sifa kwa hilo. "Unakwenda nazo wapi?"

Nikamwambia Lushoto mpaka Mtae. Akauliza nitabeba nini. Nikasema begi, labda kilo 8 au 9. Basi akaniamuru nivue, nisimame juu ya kipande cha tairi, na akanipa dumu la lita 10 limejaa maji. "Beba mgongoni, funga na kanga." Nikadhani ananifanyia mzaha. Hapana. Mguu ukibeba mzigo unatanuka, akanionyesha: alichora kwa chaki kabla ya dumu na baada ya dumu, na mistari miwili ile ilipishana karibu upana wa penseli upande wa kidole kidogo. Nimenunua viatu miaka 30, madukani kwenye viyoyozi, na hakuna muuzaji aliyewahi kunipima mguu nikiwa na mzigo.

Kisha akaniuliza nataka tairi gani. Hapa wengi ndipo wanapopigwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katambuga za tairi la pikipiki ni nyepesi, zimepinda mbele na nyuma kama mtumbwi, zinatembea zenyewe kwenye tambarare. Wamasai wengi utawaona nazo. Ila ni nyembamba, na mguu wangu mimi ungemwagika pembeni. Za tairi la gari ni pana na nzito. Na matairi ya gari yenyewe ni ya aina mbili: yale yenye nyuzi za chuma ndani na yale ya nailoni. Ya chuma ni balaa. Soli ikianza kulika, zile nyuzi zinachungulia kama sindano, zinakutoboa unyayo au zinakuchania mkeka wa watu. Mzee hatumii kabisa ya chuma, anasema yanamharibia kisu. Ukinunua zilizokwisha kutengenezwa sokoni, kunja soli uangalie ukingo uliokatwa: ukiona vidoti vinavyong'aa, hiyo ni chuma. Ukiona nyuzi kama za gunia, ni nailoni, lipa.

Alikata mbele yangu. Kila baada ya pumzi mbili tatu alichovya kisu kwenye maji ya sabuni, na mpira uliokuwa umekaza kama mbao ukafunguka kama jibini. Mikanda aliikata kwenye tabaka la ndani la tairi, akaichuna kwanza ikawa laini: miwili inapishana mbele, mmoja unazunguka kisigino. Akatoboa matundu ubavuni mwa soli, akapitisha, akapigilia misumari midogo. Kisha akaniingizia mkono wake ndani ya katambuga, akapapasa kote kama anayetafuta mfupa kwenye samaki, kuhakikisha hakuna ncha. Saa moja na dakika kumi. Shilingi 12,000.

Kosa lilikuwa langu, naliandika hapa lisimwangukie. Mzee alitaka kuacha upana wa kidole kimoja mbele ya kidole gumba. Mimi nikaona mbaya, mguu wenyewe tayari ni mtumbwi, niongeze tena! Nikamwomba apunguze. Akanitazama. "Utashuka milima, mwanangu." Nikasisitiza. Akapunguza.

Kwenye mizani ndogo ya ghalani jozi ilisoma kilo 1 na gramu 60. Buti marehemu zilikuwa kilo 1 na gramu 420. Kwa hiyo zile habari za kwamba katambuga ni mzigo, mimi sikuziona.

Nilizivaa wiki tatu kabla ya safari, kwanza nyumbani, kisha sokoni, kisha kwenda na kurudi kazini na begi lenye mahindi kilo 8. Wiki ya kwanza ukanda wa kisigino ulinichuna. Nikarudi kwa mzee, akaupiga nyundo pole pole juu ya jiwe mpaka ukalainika, akaupaka mafuta ya mgando. Hakuchukua hela. Kama una safari ndefu, hizi wiki tatu usizikwepe. Kiatu chochote, lakini hiki zaidi, maana mpira hauna huruma ya ngozi.

Safari yenyewe ilikuwa mwezi wa tisa, kiangazi, baridi kali ya mwezi wa sita na wa saba imepungua na mvua za vuli hazijaanza. Mipango mingine nitaipita haraka. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya wakala wa misitu, unalipia kibali, na mimi na wifi tulichukua kijana wa kutuongoza pale Lushoto kwa sababu vijia ni vingi na ukungu ukishuka huoni mbele. Tulipanga kulala Lukozi, Rangwi, Sunga, kisha Mtae. Barabara ya gari kutoka Lushoto mpaka Mtae ni kilomita 60 na ushee, lakini vijia vya miguu vinakata kona, vinapanda na kushuka, hesabu ya kilomita haikusaidii kitu, hesabu saa. Beba kanga mbili, moja ya kuvaa ukifika kwa watu na moja ya kukaushia miguu. Hiyo ya pili ndiyo niliyoitumia zaidi.

Siku ya kwanza, Magamba, ndiyo katambuga zilinipa tabu. Lushoto penyewe pako kama mita 1,400, unapandisha kuingia msituni, na kilele cha Magamba kinapita mita 2,200. Hatukwenda kileleni, ila msitu wote ule juu umelowa hata kiangazi. Mbega wanaruka juu yako, mikia myeupe inaning'inia kama taulo, na wewe huwezi kuwatazama kwa sababu unatazama chini. Udongo mwekundu umetelezesha. Meno ya tairi yalikuwa yamelika kwenye gari la watu kabla hayajawa yangu, kwa hiyo kwenye utelezi hayashiki. Na mguu ukilowa, unateleza ndani ya katambuga yenyewe: soli imesimama, unyayo umesonga mbele. Nilianguka mara mbili, mara ya pili kijana wetu akanikatia fimbo. Suluhisho nililipata kwa bahati, ni soksi. Soksi nene ya pamba inanyonya maji na inaushika mpira. Nilipoingia Lukozi nimevaa soksi za kijivu ndani ya katambuga, watoto walitufuata mpaka gulioni wakishangilia.

Lukozi nusu ya soko ni kabichi. Malori yamejipanga, wanaume wanarushiana kabichi kama mipira, viazi, karoti, hoho, vyote vinashuka Mombo usiku kwenda Dar. Nusu ya wapakiaji walikuwa na katambuga miguuni. Mmoja akaniangalia, akaangalia chini, akanisalimia kwa Kisambaa, "Onga mshi, mama. Hizo za nailoni?" Nikajiona nimeingia chama.

Wifi yangu alikuwa na raba mpya, nyeupe, za 85,000, na kwa siku ya kwanza alinipita. Hakuanguka hata mara moja, nakiri. Lakini zililowa Magamba na hazikukauka tena mpaka tunarudi nyumbani, maana huko juu ukungu unaingia mpaka chumbani. Asubuhi ya siku ya pili aliziweka karibu na jiko la mkaa, gundi ya ncha ikaanza kuachia. Siku ya tatu alikuwa na malengelenge manne, mawili yamepasuka. Mimi za kwangu ukipitisha kanga zimekauka. Kijiwe kikiingia unapiga teke hewani, kinatoka, safari inaendelea. Wifi kila kijiwe alikaa chini, afungue kamba, akung'ute, afunge. "Wifi nibadilishane na wewe," alisema tukikaribia Rangwi. Yeye anavaa 38. Tulicheka mpaka kijana wetu akarudi nyuma kuuliza kuna nini.

Rangwi tulilala kwa masista. Maji ya moto kwenye ndoo, blanketi mbili, na kimya ambacho sijakisikia tangu utotoni. Niliosha katambuga pamoja na miguu, kwa sabuni ileile, nikaziegemeza ukutani. Hiyo ndiyo huduma yote zinayohitaji.

Siku ya tatu, kuelekea Sunga, nilijua kwa nini mzee alitaka kidole kimoja mbele. Kushuka. Njia inashuka bonde, inavuka kijito, inapanda, inashuka tena, na kila ukishuka mguu unasogea mbele mpaka kidole gumba kinachungulia nje ya soli. Mara ya kwanza nilipiga jiwe nikasema astaghfirullah. Mara ya tano sikusema kitu, nilikaa chini. Ukucha wa kulia uligeuka zambarau, na ninavyoandika haya bado unaota mpya. Nilifunga kidole kwa plasta ya kitambaa, nikashuka kwa ubavuubavu kama kaa. Mpira haukukosa, urembo ndio uliokosa.

Mtae tulifika siku ya nne mchana, tumechelewa kwa sababu ya kidole changu na malengelenge ya wifi. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa mwa mlima, nyumba zingine ukifungua mlango wa nyuma huna ua, una hewa. Chini ni nyika ya Mkomazi, na ng'ambo milima ya Upare. Nilikaa juu ya jiwe nikavua katambuga nikaziweka pembeni, na wifi akapiga picha ya miguu yangu badala ya bonde. Picha hiyo sasa iko kwenye kundi la familia na wajomba wameisema vya kutosha.

Tahadhari moja ya kurudi: mabasi ya kushuka Lushoto yanaondoka Mtae alfajiri na mapema, giza bado, kwa hiyo ulizia jioni unapofika, usilale ukidhani utaamka ukute gari linakusubiri.

Sasa hesabu. Baada ya siku zile nne na wiki tatu za mazoezi, soli zimelika kiasi cha unene wa sarafu upande wa nje wa kisigino, basi. Msumari mmoja wa ukanda wa kushoto ulilegea kati ya Rangwi na Sunga. Niliupiga kwa jiwe ukarudi. Kwa hiyo beba misumari mitatu minne ya akiba kwenye kichupa cha dawa, haina uzito. Kwa katambuga natoa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa ajili ya utelezi wa Magamba, na ningekata mbili kama ungekuwa msimu wa masika. Masika usiende nazo, tafuta buti za mpira au ahirisha. Kwa mtu mwenye kisukari au mguu usiosikia maumivu sizishauri kabisa, vidole viko nje na majeraha ni rahisi. Kwa nyika yenye miba, soli ya tairi haipenyeki, ila mwiba wa pembeni haukuulizi. Kwa fundi, tano, na angekuwa na sita ningempa. Kwa raba za wifi, mbili, na yeye mwenyewe amekubali baada ya kubishana. Buti la 45,000 nimelitia udongo nimepanda vitunguu vya majani.

Ukienda kwa fundi yeyote wa katambuga, popote ulipo, nenda na begi lako likiwa na uzito wa safari, nenda jioni mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutwa nzima, sema nailoni, na akisema kidole kimoja mbele, nyamaza.

Nilimrudia mzee wiki iliyopita kuagiza jozi ya wifi. Alipindua zangu, akapitisha kidole kwenye ule upande uliolika, akanitazama mguu, akauona ukucha. Hakusema neno. Alichukua chaki.

Kilichobaki ni mlio. Ukanda wa kushoto ukilowa unapiga kelele, kwi, kwi, kila hatua, na mafuta ya mgando hayajausaidia, wala poda ya mtoto. Jumamosi huwa nazivaa kazini, na mlinzi anafungua geti kabla sijabisha.